Selina na Picha ya Idd

Selina alifika Kariakoo kutoka Masasi akiwa na miaka kumi na tisa, akapata kazi ya kufagia kwenye studio ya picha ya Mzee Kasmir, upande wa Gerezani. Siku moja wateja walijaa, mzee yuko kwenye simu haishi kuongea, na mkasi umelala mezani. Selina akauchukua, akakata picha nane za paspoti, zote zikanyooka bila rula. Mzee Kasmir akazigeuza geuza, kisha akasema, "Ufagio mpe mtu mwingine."

Sasa ana miaka arobaini na mbili na studio ni yake. Kompyuta anaijua vizuri, lakini picha ya familia huanza kwa kuichapa ndogo, akailaza mezani, akaizungushia vipande viwili vya karatasi ngumu ya manila nyeusi alivyovikata kama kona za fremu. Anavisogeza huku na huku, kimoja juu, kimoja chini, mpaka aone picha inakaa. Ndipo anagusa kompyuta.

Wiki moja baada ya Idd akaingia Muhiddin, muuza vitambaa wa mtaa wa pili, simu mkononi.

"Dada Selina, nitolee hii kubwa. Ya ukutani."

Selina akaitazama. Mpigaji alikuwa jirani, na ili watu wote waenee alirudi nyuma mpaka ukutani. Nusu ya picha ilikuwa sakafu ya uani. Juu, tenki la maji lilionekana kama limekaa kichwani kwa Muhiddin. Watu wenyewe, tisa kwa hesabu, walikuwa wadogo kama njiti za kibiriti zilizosimamishwa.

"Baba Muhannad, ulitaka picha ya familia au ya uwanja?"

Muhiddin akacheka. "Ndiyo maana nimekuja kwako. Kata unavyoona, ila gari lisitoke." Gari lilikuwa jipya, limejitokeza kulia, nusu tu. Akaondoka.

Kabla ya adhuhuri mkewe, Ruqaya, akapiga simu. Gari litolewe, maana hataki wageni waone gari kabla ya watoto, lakini pazia la mlangoni libaki, amelishona mwenyewe kwa ajili ya sikukuu. Muda si muda ukaja ujumbe wa sauti wa kijana wao Muhannad: "Shikamoo shangazi. Mimi naomba unikate kuanzia kifuani. Hili tumbo ni la futari, litaisha."

Selina akachapa picha ndogo, akashika kona zake. Kwanza akabana watu tisa peke yao. Tenki likatoka, gari likatoka, sakafu ikaisha. Nyuso zikaja karibu. Picha safi, lakini haikumpendeza. Wanane walikodoa macho mbele kama wanaosubiri kuitwa kwenye dirisha la dawa. Wa tisa, Bibi Nunu, mama yake Muhiddin, aliyekaa kwenye kiti katikati, alikuwa anacheka mdomo wazi, uso umegeukia kushoto. Anacheka nini? Pale kushoto hapakuwa na kitu.

Akaisogeza kona ya kushoto pole pole. Likatokea pazia. Kisha ukatokea mlango wa jikoni, na mlangoni kasimama msichana, sinia la vikombe mkononi, na kawa la kufunikia chakula kalivaa kichwani kama kofia. Kasimama wima, kidevu juu, anawaigiza wenzake wanaopigwa picha. Hakuna aliyemwona isipokuwa Bibi Nunu.

Selina akacheka peke yake, kisha akampigia Muhiddin aje.

"Huyu ni nani?"

"Leticia. Anatusaidia nyumbani, na ndiye anayemhudumia mama. Hakuwemo kwenye picha."

"Yumo."

"Basi mkate tu, ataturudisha nyuma."

Selina hakubishana. Akamfunika Leticia kwa manila. "Mtazame mama yako." Akafunua. "Haya, mtazame tena."

Muhiddin akainama. Alipoliona lile kawa alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaendelea kutazama. "Tangu avunjike nyonga," akasema, "sijamwona mama akicheka hivi."

"Basi tumwachie anachokicheka."

Picha ikatoka ndefu, ya kulala. Sakafu ilikatwa mpaka karibu na miguu, tenki likaenda, na gari nalo likaenda. Bibi Nunu hakuwa katikati tena. Kati yake na Leticia palibaki nafasi wazi, na Muhiddin akataka kujua kwa nini haizibwi. "Hiyo ndiyo njia ya jicho," Selina akamwambia. "Ukimwona bibi unavuka, unamkuta binti, unarudi." Pazia la Ruqaya likabaki, tumbo la Muhannad pia.

Ijumaa alasiri akaipeleka mwenyewe nyumbani kwao, Magomeni. Bibi Nunu akavaa miwani, akaishika fremu kwa mikono miwili.

"Leticia, njoo uone ulivyo mjinga."

Leticia akatoka jikoni akijifuta mikono. Alipojiona akajifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika kwa kicheko. Muhannad akalalamika kuhusu tumbo lake, hakuna aliyemsikiliza. Ruqaya alikuwa ameshapigilia msumari sebuleni, lakini Bibi akasema picha itakaa chumbani kwake, mbele ya kitanda. Ikabidi Selina aagizwe nyingine.

"Dada," Leticia akamnong'oneza, "na mimi unaweza kunitolea ndogo? Nimtumie mama Songea."

"Nitakutolea."

Wakamwekea Selina chai na visheti. Bibi Nunu akamuuliza, "Na ya kwenu, mwanangu, umeitundika wapi?"

Selina akaweka kikombe chini. Miaka ishirini na tatu anakata picha za watu, na ya kwao haipo hata moja.

Jioni hiyo, akiwa kituoni anasubiri basi la mwendokasi, alimpigia mdogo wake Bakili aliyeko Masasi, akamwambia awakusanye wote siku ya Krismasi, na wazee, na watoto.

"Utatupiga wewe?" Bakili akauliza.

"Hapana," Selina akasema. "Tafuta mpigaji. Mimi nataka kuwemo."