Wapangaji wa Bi Mahfoudha

Tangu Februari hadi mwanzo wa Juni, kila siku baada ya sala ya alfajiri, kabla hajabandika birika la chai, Bi Mahfoudha alitega sikio kwenye kipande cha ubao kilichopigiliwa ukutani chumbani mwake. Akisikia mchakacho, alitabasamu. Asiposikia, alikwenda zake jikoni.

Nyuma ya ubao ule palikuwa na tundu la kiyoyozi. Majira ya baridi ya mwaka 1996 kiyoyozi chake, cha zile aina za sanduku, kilitolewa kwenda kutengenezwa, na fundi akachelewa kukirudisha. Alipokuja akakuta mbayuwayu wawili wameshajenga, wale wenye mabawa kama mundu ambao hawatui ardhini. Vitabu vinasema Ulaya ndege wa namna ile hukaa kwenye madohani. Khuwair ya Kusini, mtaa wetu hapa Maskati, hakuna nyumba yenye dohani. Bi Mahfoudha alimwambia fundi akiweke kiyoyozi stoo mpaka mwezi wa sita.

Ikawa hivyo kila mwaka. Januari kiyoyozi kinatolewa, tundu linafagiliwa, ubao unapigiliwa. Ndege wanakuja, wanataga, wanalea, wanaondoka. Mwezi wa tano Maskati inawaka, naye yumo chumbani ameinamia cherehani, anashona nguo za maharusi, feni ndogo inampuliza magotini. Sebuleni kulikuwa na kiyoyozi kizima, lakini sebule, alisema, ni ya wageni, si pa kutandaza vitambaa.

"Wakwe zako bado hawajaondoka?" wateja walimtania, wakijipepea kwa ncha za mitandio.

"Wangu angalau huondoka mwezi wa sita. Wako je?"

Mei 2001 alizimia. Mwanawe, Yaqdhan, alimkuta sakafuni, uzi bado mkononi. Januari iliyofuata Yaqdhan alinunua kiyoyozi kipya, cha kutundikwa juu ukutani, akaja na mwashi wa kuziba tundu.

"Mama, mwaka jana ulianguka."

"Nilianguka kwa sababu sikunywa maji."

"Mama."

"Haya, ziba. Lakini ziba kwa ndani, nje pawe wazi."

Mwashi akasema ukuta ni mwembamba, akiziba haitabaki nafasi hata ya kiganja.

"Basi jenga utokeze huku chumbani."

Mwashi alimtazama Yaqdhan. Yaqdhan alitazama dari. Jioni ile ukuta ulikuwa umetokeza juu ya kitanda kama tumbo la mja mzito.

"Watu wakiuliza hii nundu ya nini?" Yaqdhan alisema.

"Waambie tuna wapangaji."

Chumba kikapoa. Ndege hawakuja. Miaka yote walifika wiki ya kwanza ya Februari. Sasa tarehe kumi ikapita, kumi na tano ikapita. Pengine ni harufu ya saruji, sisi majirani tulisema, lakini si mbele yake. Yeye hakumlaumu mtu. Alishona nguo za arusi mbili mwezi ule, na kila baada ya alasiri alishuka uani, akasimama chini ya ukuta, akatazama juu. Yaqdhan, ambaye kwa miaka aliwaita wale ndege uchafu, akaanza na yeye kuinua macho kabla ya kuegesha gari.

Tarehe kumi na tisa alipanda ngazi mbio.

"Mama, wamefika. Mmoja kaingia, mwenzake anazunguka."

"Gari umefunga?"

Hakuwa amefunga. Walishuka pamoja. Bi Mahfoudha alisimama palepale pake pa kila siku, sindano imechomekwa kifuani pa nguo, mpaka yule wa pili naye akaingia. Nilikuwa karibu nao. Nikamuuliza kama katika ile miaka sita ya joto hakuwahi kutamani kuwatoa.

"Nilitamani kila mwezi wa tano," alisema. "Nnakwenda kujimwagia maji, nnarudi kushona."