Safari ni Disemba

Nilipopata kazi ya kuuliza watu wanatembeaje, nilianza na shangazi yangu. Yeye huchukua dagaa wa omena Kisumu Ndogo, huku Kibera, kisha huenda kuuza Kawangware kwa miguu, karai kichwani, akipita pembeni mwa barabara huku magari yakimpulizia vumbi. Mradi ulitaka kubashiri kama kuna watu wa kutosha kutumia njia mpya ya miguu na baiskeli kutoka Kibera hadi Kawangware. Wakionekana wengi, njia itajengwa. Nilimwambia shangazi ahesabu njia imeshafika. Mimi nilikuwa nishachagua rangi ya baiskeli ambayo sikuwa nayo.

Swali la kwanza kwenye simu ya kazi lilikuwa: leo umesafiri kwa kutumia nini?

"Nisafiri niende wapi?" shangazi akacheka. "Si unajua mimi husafiri Disemba tu."

"Na si umetoka Kawangware saa hii?"

"Hiyo ni kutembea, mtoto. Safari ni kwenda ushago, kijijini kwetu."

Fundi mmoja wa Riruta, akiwa ameegemea baiskeli yake, alinijibu vivyo hivyo: hajasafiri, ametoka job tu. Na mtu akisema hajasafiri, simu inafunga maswali yote bila kumhesabu, inataka mtu mwingine. Jioni nikamweleza msimamizi wetu. Akanishika bega.

"Umefikiria poa sana, siz. Swali tutabadilisha, na hao wote nitahakikisha wameulizwa tena."

Nilienda nyumbani nikiimba.

Hakubadilisha kitu. Kwenye mkutano wa wakazi alisimama kando ya ramani. Magari yalikuwa mistari minene myekundu. Sisi wa miguu hatukuwa hata uzi. Akasema, kulingana na utabiri, watu wa hapa hawatembei sana, kwa hivyo barabara itapanuliwa mpaka pembeni, magari yapate nafasi. Nilimkazia macho. Akaangalia simu yake.

Shangazi akainua mkono. "Sasa mimi nimekuja hapa kwa kutumia nini?"

Watu wakacheka. Msimamizi naye akatabasamu. "Mathe, hiyo ni ya leo tu. Utabiri ni wa miaka ijayo."

Tulipotoka nilijaribu kumweleza. "Anti, nilimwambia hilo swali lina shida. Aliniahidi."

"Alikuahidi wewe," akasema. "Mimi uliniahidi wewe."

Lori likapiga honi nyuma yetu. Tukashuka mtaroni, yeye mbele, na hakugeuka.