Mtoto Asiyeomba Kwenda Chooni

Wewe unayelea mtoto kwenye joto na shughuli nyingi, sogea karibu. Nina jambo la kukueleza polepole, kwa sababu mimi mwenyewe nililielewa kwa kuchelewa.

Nauza sare za shule Kariakoo, kwenye meza mbele ya duka la mtu. Mwaka mzima biashara inajikokota, lakini Desemba wazazi wanatoka Ilala, Buguruni, kila mahali, wanatafuta sketi na mashati kabla shule hazijafunguliwa. Mwezi huo ukigeuka kuokota kitu kilichoanguka, mteja ameshahamia meza ya pili. Likizo moja, binti yangu akiwa na miaka sita, sikuwa na mtu wa kumwachia nyumbani. Nikawa naenda naye kazini. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya meza akinipangia soksi, ndogo kwa ndogo, kubwa kwa kubwa.

Siku za mwanzo aliomba kwenda chooni kama mtoto yeyote. Choo tunachotumia kiko mtaa wa pili, na mchana foleni yake inafika nje. Siku ya tatu tuliporudi kutoka huko, nilimwona mama mmoja niliyekuwa nimeshamchagulia mashati ya watoto wake wanne. Alikuwa anaondoka na mfuko wa meza nyingine. Sikumgombeza mwanangu. Nilisema tu, "Ona sasa, wateja wetu wameondoka," nikaendelea kukunja nguo.

Mimi nilisahau maneno hayo hata kabla ya adhuhuri. Yeye hakuyasahau.

Tangu siku hiyo hakuomba tena. Badala ya kushtuka, nilijisifu. Jirani yangu wa meza, kijana anayeuza mabeseni na ndoo, alikuwa akinitania.

"Dada, huyu binti umemlisha nini? Tangu asubuhi hajanyanyuka."

"Amenifuata mimi."

"Basi nyie mna vibofu vya ngamia! Mimi hapa nimeshaenda mara mbili."

"Wewe unafuata umbea wa foleni, hufuati choo."

Tulicheka. Lakini alichosema kilikuwa kweli. Sisi wanawake wa mezani tunajibana. Asubuhi kikombe kimoja cha chai, kisha hatugusi maji mpaka turudi nyumbani, ili tusiache biashara. Hakuna aliyetufundisha, kila mmoja amemwona mwenzake akifanya hivyo. Na mwanangu alikuwa ananiona mimi kila siku.

Hata hivyo, maji nilimpa. Hilo ndilo lililonidanganya. Kila asubuhi nilimjazia chupa yake, na kila jioni niliikuta tupu. Nikiiona tupu, moyo wangu unatulia.

Wiki ya pili aliamka akakataa chapati, na chapati ndiyo roho yake. Akasema kichwa kinauma. Nikadhani ni usingizi, tukaenda kazini. Saa tano hivi nilimwona amejikunja, mikono chini ya kitovu. Nilipomgusa shingo, alikuwa wa moto.

"Mama, nikikojoa panaungua."

Kijana wa mabeseni hakungoja nimwombe. "Nenda, dada. Nitakuuzia."

Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati. Nesi, mwanamke wa rika langu, hakuanza na habari ya chakula.

"Leo amekojoa mara ngapi?"

Nikamgeukia mwanangu.

"Na jana?"

"Sijui, nesi."

Nilijua nimeuza sketi ngapi jana. Hilo la mwanangu sikulijua.

Alimpa kikopo. Mkojo ulitoka kidogo sana, umekolea kama chai ya rangi iliyoachwa jikoni, na mtoto alilia wakati unatoka.

"Maji anakunywa?"

"Anakunywa. Kila siku anamaliza chupa nzima."

Nesi akachuchumaa mbele yake. "Mrembo, ile chupa yako nani anaimaliza?"

Mwanangu akaangalia ndala zake. "Vumbi."

"Vumbi?"

"Namwagia vumbi mbele ya meza, lisichafue mashati. Nikinywa mimi nitabanwa, halafu wateja wa mama wataondoka."

Nesi hakuniangalia. Mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Kipimo kilionyesha maambukizi ya njia ya mkojo. Alinieleza sababu, na tangu hapo nimewaeleza akina mama wengi. Mtoto akicheza au akikaa kwenye joto, anapoteza maji kwa jasho na kwa pumzi. Maji yakipungua mwilini, figo zinayabana yaliyobaki, na mkojo unakuwa kidogo, umekolea. Mkojo huo ukikaa kwenye kibofu saa nyingi, vijidudu vinapata nafasi ya kuongezeka, kwa sababu kukojoa ndiko kunakovitoa nje. Mtoto mdogo mara nyingi hatakwambia ana kiu. Atasema kichwa kinauma, au atanuna bila sababu, au atalala wakati ambao si wake. Ukisubiri aombe, unaweza kuwa umechelewa.

Tulipewa dawa za kumeza kwa siku kadhaa, tukaambiwa tuzimalize zote hata akipata nafuu, na maji anywe kidogo kidogo mara nyingi.

Nilimsimulia kijana wa mabeseni. Akashika kichwa. "Dada, mimi nilikuwa namwona akinyunyiza! Nikajua umemtuma. Hata nilikuwa nashukuru, maana vumbi lilipungua kwenye mabeseni yangu." Kisha akasema, "Tupokezane. Mkienda nyie, mimi naangalia kwako. Nikienda mimi, wewe unaangalia kwangu."

Kupokezana meza kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kwa mwanangu. Siku ya kwanza aliporudi mezani nilimpa kikombe, akakishika tu.

"Na wateja je?"

Hapo nilitambua kwamba maelezo hayatatosha. Nikamimina kikombe changu, nikakinywa chote mbele yake. Baada ya muda nikamwambia, "Mama amebanwa. Nisindikize." Tukaenda wote wawili, tukapanga foleni, tukarudi bila haraka. Kijana akatuambia kuna mzee aliyetaka kaptula, ameshindwa kungoja. Mwanangu akaniangalia usoni, anasubiri.

"Kaenda zake," nikamwambia. "Wewe umekojoa vizuri? Hapajauma?"

"Pameuma kidogo."

"Kesho patauma zaidi ya hapo?" nikamtania.

"Hapana, patauma kidogo kuliko leo," akanisahihisha, akanywa kikombe chake.

Nawe usijilaumu kama hujawahi kuhesabu mtoto wako anakojoa mara ngapi, anza tu. Kesho mtoto wako akiamka, mpe maji, kisha umpe tena kila baada ya muda, na kila baada ya saa mbili au tatu mpeleke chooni mwenyewe hata kama hajaomba. Angalia rangi ya mkojo wake: ukiwa umekolea, mwongezee maji, na akisema unamuunguza, au akiwa na homa, au akipitisha saa nyingi bila kukojoa, mpeleke zahanati siku hiyohiyo.