Kikombe cha Mama Viatu

Hivi wewe, umewahi kuua mtu kwa kusikiliza wimbo? Usicheke. Mimi niliua. Au tuseme siku tatu nzima nilijua nimeua, na niliyekuwa namuua ni mama yangu mzazi.

Jambo hili limenirudia juzi hapa Kizwite. Nimekaa zangu uani napeta ulezi, mjukuu wangu Devota kajibanza ubavuni na simu ya mama yake. Devota ana miaka kumi na mbili, na sisi wawili tuna kazi yetu moja: kuwahukumu wanawake wanaoimba. Yeye anafungua video, mimi natoa maksi. Shule nimeishia darasa la nne, lakini maksi za sauti naziweza, hakuna mwalimu wa kunidanganya.

Tena siwahurumii. Kuna mmoja nguo zinabadilika mara saba kwenye wimbo mmoja, mara kapanda farasi, mara kalala kwenye maua kama maiti ya tajiri. Nikamwambia Devota, huyu mpe maksi za fundi cherehani, maana sauti yenyewe sijaisikia. Yuko mwingine alipewa tuzo, akalia mbele za watu mpaka wanja ukamfika shingoni. Ile tuzo yenyewe kioo kitupu, huwezi hata kuchotea maji. Lakini alipoambiwa aimbe bila ngoma, wenzangu, nilinyamaza. Yule ana koo. Yule hata akisimama na kitenge cha kushindia, utamsikiliza.

Sasa juzi Devota akasema, "Bibi, sikiliza hii. Wameipunguza mwendo, ndiyo inapendwa sasa."

Akabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamke, lakini nzito, inajivuta, inazama kama mtu anayeongea huku anadidimia kwenye tope. Ungo ukaniponyoka. Ulezi chini wote, kuku wakashangilia.

"Zima!" nikasema. "Devota, zima, utamuua!"

Mtoto akanitazama kama nimepandisha mashetani. Ikabidi nimhadithie, na nyie nawahadithia hivyohivyo.

Nilikuwa na miaka tisa, tunakaa kijijini Chala. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, vitu vilivyokuwa havionekani vikaanza kuonekana, sabuni ya kunukia, viatu vya mitumba, na redio kaseti. Ya kwetu baba aliitoa mpakani, nyeusi, inakula betri nne kubwa. Ilikuja na kaseti moja tu. Upande mmoja aliimba mama mmoja wa pwani, upande wa pili mama wa ng'ambo ya ziwa na bendi yake. Huyu wa ng'ambo picha yake ilikuwa kwenye karatasi ya kaseti: mkono juu, nywele za kuvaa, na viatu vya rangi ya dhahabu. Jina lake hatukuweza kulisoma. Tukamwita Mama Viatu.

Alichokuwa anasema hatukielewi hata neno moja. Lakini sauti! Ilianzia chini kama mtu anayekuita taratibu asiamshe wengine, halafu inapanda, inapanda, unajikuta umesimama. Mama yangu alikuwa akisema, "Sauti nzuri haipandi ili ionekane. Inapanda kwa sababu kuna kitu inakifuata." Na mama aliweza kuupanda wimbo ule mpaka juu kabisa, sambamba na mwenyewe. Maneno aliyatia ya kwake, ya Kifipa na Kiswahili vimechanganywa, yananisema mimi, kwamba Leokadia hamalizi ugali, Leokadia ana miguu ya ndama. Ukiwa nje ya nyumba hujui anayeimba ni kaseti au ni mama.

Mdogo wake mama, mama mdogo Skola, hakumtaka Mama Viatu kabisa. Yeye alikuwa wa yule wa pwani. "Huyu wangu anamchamba mtu kwa maneno safi mpaka mtu anakonda," alikuwa akisema. "Huyo wenu analia tu kama mbuzi aliyebanwa na mlango." Wanabishana, wanacheka, kazi inakwenda.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo hofu yangu ilipozaliwa. Wanawake wa kwetu wakati wa kupura ulezi walikuwa na utaratibu wao. Kila wimbo una mwenyewe. Ukitaka kuuanzisha wimbo wa mwenzio, unamwendea kwanza, unasema, "Naomba sauti yako." Anakwambia, "Chukua, urudishe." Mkimaliza, kikombe cha kwanza cha pombe kinakwenda kwake, hata kama kazi yote umefanya wewe. Ndivyo tuzo yetu ilivyokuwa. Asiyeomba aliambiwa mwenye sauti atakuja kuichukua mwenyewe, na atachukua na ya kwako. Walisema kwa utani. Mtoto hajui utani unaishia wapi.

Na mara moja, pale uwanjani pa kupuria, mama alipouanzisha ule wa Mama Viatu, mwanamke mmoja akapiga kelele, "Mama Leokadia, huyo wa kaseti umemwomba lini?" Wote wakacheka. Mama naye akacheka. Mimi nikaliweka moyoni.

Mwezi wa pili, mvua imeshika, ukungu mpaka mlangoni, mama akapelekwa hospitali mjini kujifungua. Mimba ilikuwa inamsumbua. Wakapanda lori la mahindi yeye na baba, wakafikie kwa ndugu zetu mtaa wa Malangali. Akaniambia, "Msikilize mama mdogo. Na redio msiiwashe ovyo, betri hizo ndizo zilizopo." Nikaitikia, "Ndiyo, mama."

Lori halijafika hata kwenye kona, nimeshaiwasha.

Mniache jamani. Nyumba ilikuwa kimya mno. Nilipomsikia Mama Viatu niliona kama mama yuko jikoni. Nikawa namngoja mama mdogo aende shambani, nawasha, nalala chini sikio kwenye spika, navuta ile harufu ya plastiki ya moto na vumbi. Wimbo ukiisha nairudisha kaseti nyuma kwa kalamu ya risasi, kusudi betri zisiliwe. Mara tatu kwa siku, mara nne.

Siku ya tisa ndipo sauti ikaanza kushuka.

Mwanzo nilidhani masikio yangu. Pale pa kupanda hakupanda. Akajivuta. Akawa mzito, mzito, mpaka yule mwanamke akawa na sauti ya mzee mgonjwa, "oooo," anazama na bendi yake yote. Nikazima, jasho linanitoka na baridi yote ile. Nikajua kachoka. Nimemwimbisha siku tisa bila kumwomba, bila kumpa hata kikombe, na mama yangu naye kamwimba mwaka mzima bila kuomba.

Kesho yake asubuhi akaja Mama Kabula na kibuyu cha maziwa. Hawa walikuwa Wasukuma, wamehamia na ng'ombe zao, na mume wake alikuwa ametoka mjini jana yake. Mimi nipo nyuma ya mlango natwanga kisamvu. Nikamsikia anashusha sauti.

"Skola, nisikilize, lakini usikae chini kama mfiwa. Dada yako amepasuliwa. Yuko hai. Ila mume wangu anasema hasemi. Anafungua mdomo, sauti haitoki."

"Haitoki kabisa?"

"Kabisa, mwenzangu. Anatazama tu."

Mchi ukasimama mkononi mwangu. Nawaambia ukweli, hofu niliyoionja siku ile sijaionja tena, na nimezaa mara sita. Nilimwona Mama Viatu kama anavyoonekana pichani, mkono juu, anatoka ng'ambo ya ziwa na vile viatu vyake, anapanda milima, anaingia wodini, anainama juu ya kitanda cha mama na kusema, "Nimefuata changu."

Nikangoja mama mdogo amsindikize mgeni. Nikaingia chumbani mbio kuiwasha redio, nisikie kama angalau bado anakoroma. Nikabonyeza. Kimya. Hata ule mkoromo haupo. Nikabonyeza tena mpaka kidole kikauma. Hakuna kitu. Basi, nikasema moyoni, amekwisha. Na kama huyu amekwisha, mama amebakiza nini?

Nikachota togwa kwenye mtungi, kikombe kile cha bati cha mgeni. Nikakiweka mbele ya redio. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya udongo. Nikasema, "Shikamoo. Naomba sauti yako. Mama hakuomba, alisahau, tunaomba sasa. Kikombe cha kwanza ni hiki. Mrudishie mama."

Nyuma yangu mtu akavuta pumzi.

Mama mdogo Skola alikuwa mlangoni. Mkono wake ulikuwa mwepesi kwa makofi, mtaa mzima unajua. Nikajikunyata nikingoja.

"Nani kakufundisha kumwomba redio?"

"Nyie," nikasema. "Uwanjani. Mama mdogo, nimemuua. Nimemwasha kila siku. Amekata sauti, na mama naye amekata, nimesikia, na sasa hata hakoromi..."

Nikaangua kilio. Yeye hakunipiga. Alikaa chini palepale kwenye sakafu, miguu mbele kama mtoto. Halafu akaingiza mkono ndani ya kitenge, kifuani, akatoa betri. Moja. Mbili. Akaingiza tena. Ya tatu, ya nne. Zilikuwa za moto kama mayai ya kuku aliyeatamia.

Si mnajua, betri ikichoka inaanikwa juani. Lakini jua lenyewe liko wapi mwezi wa pili Chala? Kumbe mama mdogo alikuwa anaziatamia kwenye mwili wake tangu alfajiri. Ndiyo maana redio ilikaa kimya. Ilikuwa tupu!

"Basi tumemuua wawili," akasema. "Wewe ukienda kisimani na mimi nawasha."

"Mama Viatu?"

"Ee. Huyohuyo mbuzi."

Akazipachika moja moja. Akasogeza kikombe karibu zaidi na redio, taratibu, kama anamkaribisha mkwe. Akasema, "Na mimi naomba." Kisha akabonyeza.

Akaimba! Wenzangu, alianzia chini, akaita, akapanda, akafika palepale juu tunapopajua. Mama mdogo kanishika mkono mpaka mifupa inalia. Nusu ya wimbo. Halafu akaanza kuzama tena, na mama mdogo akazima kabla hajafika chini. Togwa ile hatukuinywa. Tuliimwaga mlangoni.

Siku ya tatu lori likarudi. Nilikimbia, nikasimama hatua kumi, nikamwona mama anashushwa na baba, amepungua, ameshika furushi la nguo kifuani. Akanitazama. Akafungua mdomo, akaniita, "Leokadia."

Ile ile! Nzito, ya kukwaruza, inajivuta, ile sauti ya kaseti inayokufa ilikuwa ndani ya mdomo wa mama yangu. Nikapiga yowe nikakimbilia nyuma ya kihenge. Nilijua aliyerudi si yeye. Aliyerudi ni mwenye viatu, kavaa ngozi ya mama.

Waliniita, sikutoka. Baba alitaka kunifuata, mama akamzuia. Akaja mwenyewe polepole, nasikia anavyohema, akakaa chini upande wa pili wa kihenge. Halafu akaanza kuimba. Haikuwa sauti, ilikuwa mchanga mtupu. Pale pa kupanda hakupanda. Lakini maneno yalikuwa Leokadia hamalizi ugali, Leokadia ana miguu ya ndama. Na hayo Mama Viatu hakuwahi kuyajua.

Nikatoka. Nikajitupa juu yake mpaka baba akasema angalia kidonda.

Sauti yake ilirudi taratibu, mpaka ulezi unavunwa alikuwa anaanzisha nyimbo tena. Nilikuja kuambiwa nikiwa mtu mzima kwamba ilikuwa ni ule mpira wanaomwingizia mtu kooni akipasuliwa. Kumbe ni hivyo tu. Na nilielewa jambo jingine, hilo hakuna aliyeniambia. Lile furushi la nguo alilolishika mama kifuani siku ile zilikuwa nguo za mtoto mchanga, zimekunjwa vizuri, safi, hazijafunguliwa. Niliziona. Nililala juu yake na zile nguo katikati yetu. Na nilikuwa na furaha mno ya kuisikia sauti, sikuuliza mtoto yuko wapi. Sikuuliza siku ile, wala mwaka ule. Nilikuja kuuliza nilipozika wa kwangu, na mama akanijibu, "Siku ile wewe ulitaka niimbe. Kama ungeuliza, nisingeweza."

Kwa hiyo mimi nikimtazama mwanamke anaimba kwenye hiyo simu, simwangalii farasi wala maua. Namsikiliza pale pa kupanda, nijue anafuata nini.

Devota alikuwa ameshaokota ulezi wote, ameurudisha kwenye ungo, michanga na mavi ya kuku humohumo. Anasema akikua ataimba, atapewa tuzo, nitaitwa jukwaani nivae kitenge kipya. Mara hii hakusema hayo. Alichezea simu bila kuiwasha. Kisha akaniuliza, "Bibi, na huo wimbo wa miguu ya ndama sasa ni wa nani?"

"Ni wangu. Mama aliniachia."

Akaiweka simu chini.

"Basi siku nikitaka kuuimba mbele za watu, ntakuja kwanza kukuomba. Na kama ntakukuta hupo, ntamwaga kikombe cha kwanza mlangoni, halafu ndo nianze." Akanishika mkono. "Na mwendo sipunguzi, Bibi. Haki ya Mungu, sipunguzi."