Nilivyotumwa Kumtazama Mutua Akishindana

Mama yangu hakunituma Afrika Kusini kutalii. Alinituma nikamtazame ndugu yangu mdogo, Mutua, akifanya kazi yake, kisha nirudi nyumbani Mumbuni nimwambie kama kazi ile ni ya mtu mwenye akili timamu.

"Ukisema aache, nitamwambia aache, na ataniskia," akaniambia. "Ukisema aendelee, sitaongea tena. Lakini usinidanganye, Ndunge. Mimi ni mzee, siko na nguvu ya kudanganywa."

Nilijua Mutua angemtii. Ni mtu wa makamo sasa, ila Mama akikohoa yeye husimama. Basi nikafunga duka langu la sare za shule hapa mjini, nikampa jirani ufunguo, na uamuzi wa maisha ya mtu mzima nikaubeba mimi, mwanamke ambaye huogopa hata kupita lori kule kwa mlima.

Wengi hapa Machakos wanadhani Mutua anakimbiza magari kwenye matope na vumbi. La. Yeye huendesha kwenye lami tupu, katika magari yanayoitwa GT. Kwa nje ni gari la kifahari kama lile la mtu tajiri, lakini ndani limevuliwa kila kitu hadi zulia, kimebaki kiti kimoja na vyuma. Mashindano yenyewe ni ya masaa mengi mfululizo, na madereva wawili au watatu hupokezana gari moja. Alianza akiwa fundi wa gereji kule Athi River, wikendi akiendesha vigari vidogo vya mashindano, mpaka timu moja ya Afrika Kusini ikamwona. Tangu hapo ameendesha hadi Ulaya na Uarabuni. Hata hivyo si kazi ya kuandikwa na kutulia. Mwaka huu una kiti, mwaka ujao kiti chako kakalia mwingine. Akitutumia video, Mama hugeuza simu uso chini na kwenda kuchambua maharagwe.

Anayo sababu. Baba yetu alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, akisafirisha mizigo kutoka Mombasa. Alikuwa na msemo wake: "Mwanaume hachoki, kinachochoka ni gari." Sisi watoto tuliuimba kama wimbo. Jioni moja alipiga simu akiwa Sultan Hamud. Mama akamuuliza, "Umechoka?" Baba akajibu kwamba hajachoka, awekewe chakula. Lori lilitoka barabarani karibu na Konza, mahali palipo wazi kabisa, hakuna kona wala gari lingine. Alikuwa amelala kwenye usukani.

Siku ya kuondoka, Mzee Salim aliamua kunipeleka uwanja wa ndege kwa Probox yake. Ni jirani yetu, muuza nguo, ambaye babu yake alitoka pwani na Kikamba chake kinatushinda sisi Wakamba wenyewe. Pale Kyumbi, tulipoingia barabara kuu, kulia ni Nairobi na kushoto ni njia ya Konza. Mimi huwa siangalii kushoto. Mzee Salim analijua hilo, kwa hiyo akaanza kuongea kwa sauti kubwa, akiniita kwa jina la binti yangu.

"Mama Mwikali, huyo kijana akikupea nafasi ukae kwa hiyo gari, ukatae. Wewe ni mzito, utamfanya awe wa mwisho."

"Endesha, Mzee. Tena pole pole," nikamjibu.

"Mimi nikienda pole pole zaidi ya hapa, tutakuwa tunarudi Machakos."

Nilicheka hadi Mlolongo. Mungu amweke.

Ndani ya ndege sikufumba jicho. Nilikuwa na kiondo magotini chenye muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, aliopika Mama na maembe ya Matuu aliyoyachagua moja moja kwa ajili ya mwanawe. Kumbe tulijisumbua bure! Kule Johannesburg afisa mmoja akaniambia kwa adabu kwamba matunda hayaingii nchini mwao. Nikamwomba ruhusa, nikamenya embe moja kwa meno, nikalila mbele yake nimesimama, kisha nikamwachia mengine. Hata kama nimeshindwa, sikushindwa kabisa. Muthokoi alitaka kuuchukua pia, lakini alipoufunua na kuunusa akaurudisha.

Mutua alinipokea nje. Amekonda, shingo imekuwa nene. Aliniambia shingo ya dereva hufanyishwa mazoezi, kwa sababu kwenye kona kichwa kinavutwa kando pamoja na uzito wa helmeti juu yake. Tulikula muthokoi hotelini kwake, yeye akikomba bakuli kwa kidole kama zamani.

"Najua umetumwa," akasema bila kuniangalia. "Mwaitu ameniambia." Ndivyo tunavyomwita Mama kwa Kikamba.

"Na wewe unasemaje?"

"Mwambie chenye utaona. Mimi nitafuata." Akasukuma bakuli kando. "Lakini ujue kesho ndiyo ya mwisho kwa msimu. Tukiingia tatu bora, mwenye gari ataniweka mwaka ujao. Tusipoingia, sijui."

Asubuhi ya mashindano tulifika uwanjani kabla jua halijachoma. Nilidhani nitakuta vijana wa fujo. Nikakuta mahali pasafi kama wodi ya wazazi. Sakafu ya gereji yao imepigwa deki, kila spana imelala kwenye kitanda chake. Mwenyeji wangu alikuwa mhandisi wa timu, mwanamke aitwaye Lindiwe, ambaye ndiye huongea na dereva kwa redio. Alinikumbatia kana kwamba tumelelewa nyumba moja, akanivika vipokea sauti vikubwa masikioni ili nisikie wanayosema.

"Dada yake Mutua ni dada yetu," akaniambia kwa Kiingereza. "Kaa hapa nyuma yangu. Gari likiingia, usivuke huu mstari mwekundu hata kwa dawa."

Dereva mwenzake Mutua ndiye mwenye gari, Bwana Naidoo, muuza vigae wa Durban mwenye mvi na tumbo dogo. Ndivyo yalivyo mashindano haya: tajiri hununua gari, humwajiri bingwa, halafu hupokezana naye usukani. Nikamtazama nikajiuliza kama huyu mzee si angekaa nyumbani acheze na wajukuu.

Halafu magari yakaanza. Nimetafuta namna ya kuwaelezea watu wa Mumbuni na sijaipata. Ule mlio hauingii masikioni, unaingia kifuani. Ngurumo ya kwanza ilipopita mbele yetu niliona maji yakitetemeka kwenye gilasi, na mimi mwenyewe machozi yakanitoka, wala sikuwa na huzuni. Yalipita yote kwa kundi, rangi zote, yakaingia kona ya kwanza yakiwa yamekaribiana kama watu wanaong'ang'ania mlango wa kanisa siku ya harusi. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Ee Ngai, Mungu wangu, nikasema, na hawa ni watoto wa watu.

Kilichonishangaza zaidi ni kule kupokezana. Bwana Naidoo alianza, na zamu yake ilipokwisha gari likaingia kwa kasi, likasimama papo hapo kwenye alama. Mlango ukafunguka. Mzee akaruka nje, Mutua akajitumbukiza ndani, na nikadhani mzee sasa ataenda kunywa maji. La. Aliinama ndani ya gari, akamfunga Mutua mikanda yote, bega hili na bega lile, akaivuta kwa nguvu zake zote, akampiga kifuani kidogo kwa kiganja. Ndipo akafunga mlango. Huku mafundi walikuwa wameshabadilisha magurudumu.

"Ni lazima afanye yeye?" nikamuuliza Lindiwe.

"Ndiyo desturi yetu. Anayetoka ndiye humfunga anayeingia," akasema. "Yeye ndiye ametoka kwenye kile kiti. Anajua kinavyouma."

Mutua alipoendesha, niliona kwa nini wanamlipa. Kwenye runinga za gereji nilimfuata akipita gari baada ya gari, si kwa ubabe, bali kwa kungoja. Alimkaribia mtu, akakaa nyuma yake mizunguko kadhaa akimsoma, kisha mahali ambapo hukutarajia akawa ameshapita. Sauti yake redioni ilikuwa tulivu kuliko anavyoniongelesha tukigombania deni la chumvi. Tulikuwa wa saba, tukawa wa tano, tukawa wa pili. Mafundi walianza kusimama badala ya kukaa. Nikajikuta nami nimesimama, nimekunja ngumi, nimesahau kabisa nilichotumwa.

Mchana jua liliwaka. Madereva huvaa fulana yenye mirija midogo inayopitisha maji baridi mwilini, kwa kuwa ndani ya gari joto ni la tanuri. Katikati ya zamu ya pili ya Mutua, pampu ya maji yale ilikufa. Nilimsikia akisema fulana imeacha kupoza. Lindiwe akamuuliza kama anaweza kuendelea hadi mwisho wa zamu, akajibu tuone. Gari la kwanza lilikuwa mbele yake, unaliona kwa macho. Bwana Naidoo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, helmeti mapajani, akitazama runinga bila kupepesa.

Mizunguko ikapita. Mutua akawa hajibu haraka. Mimi nilishika kiondo changu kitupu nikakikunja. Moyoni nilisikia ule wimbo wetu wa utotoni, mwanaume hachoki, nikautamani unyamaze.

Ndipo sauti yake ikaja, taratibu, kama mtu anayechagua maneno sokoni.

"Lindi. Nimechoka. Nimekosa mahali pa breki mara mbili, kona ile ile. Nitoeni."

Mafundi wote wakamgeukia Lindiwe. Sijui nilitarajia nini, labda wamkemee, labda wamwombe avumilie kidogo tu. Ningekuwa mimi ningemwomba. Lindiwe hakuvuta hata pumzi.

"Njoo ndani," akasema.

Bwana Naidoo alikuwa ameshavaa helmeti. Gari likaingia, mlango ukafunguka, na ndugu yangu akatoka kwa magoti. Uso haukuwa na rangi. Fundi mmoja akataka kumshika, Mutua akamsukuma kando, akainama tena ndani ya gari lile lile lililomchemsha. Jasho likimtiririka hadi vidoleni, alimfunga yule mzee mikanda yote, bega hili na bega lile, akaivuta, akampiga kifuani. Akafunga mlango. Kisha akakaa chini kwenye saruji na kunikazia mimi macho.

Nilivuka ule mstari mwekundu. Hakuna aliyenikataza.

Bwana Naidoo aliendesha kwa uangalifu wa mtu anayejua kipimo chake, na wenye mbio wakampita mmoja mmoja. Bendera ya mwisho ilipopepea tulikuwa wa sita. Hakuna jukwaa, hakuna kombe. Mutua alikuwa kwenye kivuli, miguu ndani ya beseni la barafu, na nilikuwa nampepea kwa kipande cha boksi, mzee alipokuja akiwa amelowa jasho. Akamwekea taulo mbichi shingoni.

"Gari lipo na wewe upo," akasema. "Habari za mwaka ujao tutaongea Januari."

Akatuacha, akaenda kuwapa mafundi mkono. Mpaka leo ninapoandika hatujui kama kiti ni chake.

Siku ya kurudi alinisindikiza hadi uwanja wa ndege. Mlangoni akaniuliza, "Utamwambia tulikuwa wa sita?"

"Nitamwambia yote," nikasema. Nilimkumbatia shingo yake nene, nikalia hadharani, na sikuona haya.

Mzee Salim alinichukua tena. Pale Kyumbi, kabla ya kukata kuelekea Machakos, nilimwomba asimame kando. Nikainua macho, nikaitazama njia ya Konza kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Ni barabara tu, lami na nyasi kavu na ng'ombe kwa mbali. Mzee Salim alizima injini, akangoja, na kwa mara moja maishani mwake hakusema kitu.

Nyumbani Mumbuni, Mama alikuwa ameketi jikoni na ungo wa maharagwe. Hakuniuliza habari za ndege. Nilimsimulia kwa mpangilio: usafi, mlio, zamu, jinsi anayetoka humfunga anayeingia. Alichambua bila kuinua uso. Nilipofika kwenye joto, vidole vikasimama. Nikamwambia maneno ya Mutua kama alivyoyasema.

"Alilazimishwa kusema?"

"Hapana, Mwaitu. Alikuwa wa pili, na alijua anapoteza. Alisema mwenyewe."

"Akasema amechoka."

"Akasema amechoka. Na kulikuwa na mtu wa kumpokea."

Mama aliuweka ungo chini. Mimi nilikuwa na hukumu yangu tayari mdomoni, nimeipanga tangu Johannesburg, lakini hakuniomba. Alinyoosha mkono apewe simu. Nikampigia Mutua, nikaweka sauti kubwa kwa sababu Mama hasikii vizuri sikio moja.

"Mutua, mwana wakwa," akasema. Kisha akauliza lile swali ambalo hakuwahi kumwuliza mwanamume yeyote wa nyumba hii tangu jioni ile ya simu ya Baba. "Umechoka?"

Sauti yake ikaja taratibu, kama ile ya redioni.

"Ĩĩ, Mwaitu. Nimechoka."

Mama alifumba macho, akashusha pumzi ndefu.

"Basi lala," akasema. "Ukiamka, uendelee kuendesha."

Akanirudishia simu, akauchukua ungo wake, akaniambia niweke maji ya chai motoni.