Kinyozi na Kadi Yake ya Bei Nafuu

Mjomba wangu ni kinyozi ambaye hajawahi kumharakisha mtu. Akipitisha mashine kidogo pembeni mwa kichwa chako, husimama, hukushikia kioo na kuuliza: "Tushuke zaidi au tubaki hapa?" Ukisema tushuke, anashuka. Ukisita, anabaki. Ndiyo maana foleni yake ni ndefu, na ndiyo maana aliweka benchi, kisha mbele ya benchi akaweka kompyuta yenye mchezo wa mpira ili wanaosubiri wasichoke.

Benchi hilo nalitetea popote. Halina kiingilio. Fundi wa kuchomelea hukaa hapo na masizi yake, ubavuni mwa mwalimu aliyepiga pasi hadi soksi, na wote wawili hutupiana maneno kwa raha kwa sababu ya goli moja. Nimesoma chuo, nimesikiliza mihadhara mingi juu ya usawa. Sijawahi kuuona umekaa mahali kama ulivyokaa pale.

Kwa hiyo nilipandwa na mori ilipofunguliwa pale kwenye kona saluni mpya yenye skrini kubwa ya michezo, ambako unalipia kila mechi. Vijana wetu walianza kupotea mmoja mmoja, kwa sababu toleo jipya la mchezo lilikuwa linakwama kwetu. Unapiga shuti, picha inaganda, ikizinduka mpira uko kwenye wavu wako mwenyewe. Kisha timu ya kona ikatuma salamu: Jumamosi alasiri wanakuja kucheza nasi kwenye mashine yetu, "kama bado inapumua." Kila mtu alijua maana yake. Tukiaibika, benchi litabaki na wazee wawili na redio.

"Dawa ipo, mjomba," nilimwambia Jumamosi hiyo asubuhi. "Tuipandishe kasi kadi ya grafiksi."

Nilimweleza kwamba kadi hiyo ndiyo inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini, na kwamba kiwandani huiwekea mwendo wa tahadhari, ambao mtu anaweza kuusogeza mbele kwa programu ndogo tu.

"Wametufungia breki! Kwa nini mtu wa kipato kidogo apangiwe hata mwendo wa kadi yake?"

"Na ikiungua?"

"Inaweza kuungua," nilikubali, kwa sauti ndogo kuliko ile ya breki.

Mkaza mjomba, ambaye hushona upande wa pili wa pazia, alichomoza kichwa. "Kadi yenyewe aliipata kwa mtu, imeshatumika, na hana nyingine. Ukiiunguza, nitakusimamisha wewe mbele ya benchi uwachekeshe watu."

"Mimi nasema twende!" alisema fundi wa kuchomelea. "Moto haunitishi."

"Wewe hata ndala zako zimeungua," mwalimu alimjibu. "Usitoe ushauri."

"Kwanza tuifungue tuione," mjomba alisema.

Boksi la kompyuta lilikuwa sakafuni, karibu kabisa na kiti cha kunyolea. Alipolivua ubavu tuliinama kuchungulia, halafu tukaangua kicheko. Ndani kulikuwa na nywele za mtaa mzima, zimejisokota kwenye feni kama kiota cha ndege.

"Hizi nyeusi tii, zenye mvi kwenye mizizi, ni za nani?" fundi aliuliza.

"Si zangu," mwalimu alisema upesi mno. "Mimi sipaki rangi."

"Nani ametaja kupaka?"

Mjomba alichukua brashi yake ya kupangusia shingo, akaisafisha kadi taratibu kama anayemwogesha mtoto mchanga. Tulipoiwasha, joto lilishuka na mchezo ukachangamka. Lakini mpira ulipofika langoni, mbele ya umati wa mashabiki, picha bado ilisita.

"Haya, pandisha," mjomba alisema. "Kidogo kidogo, tukitazama."

Nikapandisha hatua moja. Safi. Ya pili, safi zaidi, nami nikaanza kuuona ushindi. Ya tatu niliisogeza kabla hajafungua mdomo. Skrini ikajaa vimraba vya kijani na zambarau, kisha ikawa giza.

Cherehani ilinyamaza. Nilizima, nikasubiri kidogo, nikawasha tena. Ikarudi, kwenye mwendo ule ule wa kiwandani.

"Tuirudishe hatua ya pili," nilisema. "Pale ilikuwa nzima." Sauti za timu ya kona zilikuwa zimeshasikika barabarani.

Mjomba aliitazama kadi, akalitazama benchi. "Tunaweza kushinda leo, nikaiunguza, halafu Jumatatu hawa wakae wapi? Hapana, mpwa wangu. Ibaki na mwendo wake. Hebu niambie, inachoshwa na kuchora nini?"

"Nyasi, vivuli. Zaidi ni mashabiki, wako maelfu."

"Wafukuze."

"Akina nani?"

"Hao mashabiki. Kwani sisi hapa hatutoshi?"

Nilitaka kupinga, maana kwangu kupunguza kulinuka kushindwa. Nilipogeuka, niliona benchi limejaa, mlango umejaa, na mkaza mjomba amelivuta pazia lote. Nikabofya. Majukwaa yakawa matupu, na mpira ukateleza bila kusita hata mara moja.

Mechi ilianza, na kila goli lilipoingia, kelele zilitikisa chupa za mafuta ya nywele kwenye rafu. Mwalimu aliimba. Tulifungwa mwishoni, na fundi akaapa kwamba padi ya kuchezea ilikuwa na mafuta, lakini hakuna aliyeinuka kwenda zake.

Nahodha wa timu ya kona alikuwa amekuja kutucheka. Alibaki amesimama, akiyatazama yale majukwaa matupu na sisi tuliokaukwa na sauti.

"Kule kwetu watu hawapigi kelele hivi," alisema.

"Kule kwenu mnalipia!" nilianza, na mhadhara mzima nilikuwa nao tayari mdomoni.

"Mwache mgeni," mjomba alinikata.

Kijana alijishika kichwa, akazipima nywele zake kwa vidole. "Nani wa mwisho kwenye foleni?"

Mwalimu alisogea, akampisha nafasi kwenye benchi.