Unga Mweupe Chini ya Chupa

Mdomo wa bomba unawaka moto. Mwanamke mwenye koti jeupe ameupaka spiriti na kuuwasha kwa kiberiti ili kuua uchafu wa nje. Moto ukizimika, anafungulia maji yatiririke, macho kwenye saa yake ya mkononi.

"Usikohoe," anamwonya mwandishi. "Ukikohoa hapa, maabara watasema maji yana mafua."

Ni saa mbili na nusu asubuhi, kwenye nyumba ya mwisho kabisa ya njia ya bomba la mamlaka ya maji. Mchukua sampuli huyu watu humwita Dada Chupa. Mwenye nyumba, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, ni Bibi wa Mwisho, kwa sababu mbele yake bomba halina pa kwenda.

Dada Chupa anakinga maji kwenye chupa ndogo, anaifunga, anaiweka kwenye boksi la barafu. Hakuisuuza, ingawa chini yake kulikuwa na unga mweupe kiduchu. Unga huo nusura umtoe kazini, na kwa mtoto mmoja ungeweza kuleta msiba.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mfagizi katika ofisi za mamlaka hiyo. Mkuu wa maabara ndiye aliyemwombea kazi hii. Alisema anamtaka mtu anayefagia nyuma ya kabati hata kama hakuna anayemwangalia. Akamfundisha yeye mwenyewe kwa siku mbili tu, na habari za unga hakumwambia.

"Mimi mtu wa usafi," anasema akicheka. "Naona chupa ina vumbi, nikasema, hawa watu wa maabara wachafu kweli! Kila chupa nikawa naisuuza mara tatu."

Kwa wiki sita majibu ya mabomba yote arobaini yalitoka safi, naye akasifiwa. Kisha Bibi wa Mwisho akapiga simu. Mjukuu wake wa miaka miwili alikuwa anaharisha kwa siku ya nne, na daktari alikuwa anashuku maji.

Mkuu wa maabara akafuatana na Dada Chupa hadi pale bombani.

"Binti, unafanya nini?"

"Natoa vumbi, bosi."

Mzee wa watu akaketi kwenye ngazi, akashika kichwa. Unga ule huzima dawa ya klorini iliyomo majini mara tu chupa inapojaa. Ukioshwa, dawa huendelea kuua vijidudu ndani ya chupa njia nzima.

"Akaniambia, 'Binti yangu, maji unayoniletea yamepona njiani. Wanayokunywa watu bado yanaumwa.' Nililia palepale."

Siku hiyohiyo walirudia mabomba yote. Kesho yake thelathini na tisa yalikuwa salama. La arobaini, la Bibi, lilikuwa na vijidudu, kwani lilipasuka kando ya mtaro wa maji machafu. Mtaa ukatangaziwa kuchemsha maji, bomba likabadilishwa. Mtoto alilazwa siku mbili, akapona.

Dada Chupa alijiandaa kurudi kwenye ndoo na fagio. Badala yake mkuu aliandika kwenye ripoti, kwa mkono wake, kwamba kosa ni la aliyefundisha.

"Angenitupia mimi, nani angemuuliza? Mungu amzidishie. Sasa kastaafu, na kila mwezi nampigia kumshukuru mpaka ananiambia nimemchosha masikio."

Hata hivyo Dada Chupa alikwenda mwenyewe kukiri kwa Bibi. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akamsogezea kigoda.

"Ungenyamaza, nani angejua?"

"Mimi ningejua, Bibi."

"Basi mlango wangu uko wazi. Ila maji ya bomba hilo sinywi bila kuchemsha. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka."

Hayo ni ya miaka mitatu iliyopita. Amri ya kuchemsha iliondolewa zamani, lakini sufuria ya Bibi haijawahi kushuka jikoni. Kila Jumanne Dada Chupa humletea majibu ya wiki iliyotangulia, naye huyatundika kwenye msumari ukutani. Karatasi zimepita mia na hamsini.

Siku hizi kila chupa ina kibandiko alichokiomba Dada Chupa: USIOSHE, HILI SI VUMBI. Mwezi ujao atafundisha wachukua sampuli wapya watatu.

"Hilo nashukuru. Lakini ninachokitaka hasa ni siku moja Bibi anywe maji yangu bila kuyapika."

Anafunga boksi. Bibi anatoka jikoni na vikombe viwili vitupu, anainama bombani, anavijaza.

"Bibi, mkaa umeisha?" Dada Chupa anatania.

"Mkaa upo tele. Nimechoka tu kuwaogopa, wewe na bomba lako."

Anakunywa yeye kwanza, mpaka tone la mwisho. Dada Chupa anapokea kikombe chake kwa mikono miwili, na machozi yanamtangulia.

"Asante, Bibi."

"Kunywa, mwanangu. Na Jumanne usisahau karatasi yangu."